SOMO: Kupiga picha ndege adimu ya kukodi pale KIA

Wakuu, somo hili ni la wale wanaotaka picha ya ndege inayokuja mara chache kwenye kiwanja kidogo. Mfano wangu ni KIA (Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro), kati ya Arusha na Moshi, na ndege ni ile Airbus A321 nyeusi ya kampuni ya hoteli za kifahari Four Seasons, inayoendeshwa na Titan Airways ya Uingereza. Ina viti 48 tu, wakati ndege za aina hiyo kwa kawaida hubeba watu karibu 200. Hutembeza matajiri dunia nzima, na KIA ndiyo mlango wao wa Serengeti.

Hatua ya 1: Jua siku.
Ndege ya kukodi usiitafute kwenye ratiba ya kiwanja. Anzia kwa muuza safari: ziara hizi hutangazwa miezi mingi kabla, na siku ya kuingia Serengeti imeandikwa palepale. Siku yenyewe ikifika, fungua Flightradar24 (tovuti ya kufuatilia ndege zikiwa angani) utafute safari zinazoanza na AWC, herufi za Titan.

Hatua ya 2: Ruhusa.
Andika barua kwa uongozi wa kiwanja mapema, ueleze unapiga nini, siku gani, na utasimama wapi. Beba kitambulisho na nakala ya barua. Ukikataliwa, umekataliwa. Na droni iache nyumbani kabisa.

Hatua ya 3: Chagua upande wa jua. Hapa ndipo picha inapopatikana au kupotea.
Watu wanauliza lenzi, lenzi, lenzi. Lenzi ya kuvuta ya milimita 70-300 inatosha. Suala ni kwamba njia ya kurukia ya KIA imelala mashariki-magharibi, nasi tuko kusini kidogo tu ya Ikweta, kwa hiyo jua linahama upande. Kuanzia Aprili hadi Septemba, jua la mchana hupita kaskazini. Oktoba mpaka mwanzoni mwa Machi hupita kusini. Kilimanjaro nayo iko kaskazini-mashariki ya kiwanja. Ukitaka ndege na mlima kwenye picha moja, lazima usimame kusini. Fanya hivyo Julai na ubavu wa ndege unaoutazama uko kivulini. Rangi nyeusi inageuka shimo. Fanya hivyo Januari, saa kumi na moja jioni, na jua liko mgongoni kwako, linapiga ubavu wa ndege na theluji ya Kibo kwa pamoja. Tatizo ni mawingu. Mlima huwa wazi zaidi alfajiri, hujifunika mchana, na jioni huweza kufunguka tena. Hilo huna la kufanya.

Mchana wa jua kali usijisumbue na picha za mbali. Joto linalopanda kutoka kwenye lami hufanya madirisha ya ndege yacheze kama yako chini ya maji, na hakuna programu ya kuyanyoosha.

Hatua ya 4: Kamera.
Shata (muda kamera inapopokea mwanga) iwe sekunde 1/1000 kwa ndege ya jeti. Ndege nyeusi ikijaa kwenye fremu, kamera hudhani kuna giza na kuongeza mwanga kupita kiasi. Punguza kwa theluthi mbili za stopu (kipimo cha mwanga kwenye kamera). Ndege nyeupe, kinyume chake. Piga RAW, yaani faili ghafi la kamera.

Hatua ya 5: Subiri upande sahihi.
Ndege hutua zikiukabili upepo, na upepo wa huku mara nyingi hutoka mashariki, kwa hiyo itegemee kutokea magharibi. Angalia kifuko cha upepo kabla hujajipanga.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, mimi nina simu tu. Nikae pembeni?
Jibu: Hapana, ila usivute zumu. Piga pana: ndege ndogo, mlima mkubwa, anga. Simu inaiweza picha hiyo vizuri.

Swali: Niko nje ya uzio, barabarani. Askari akija?
Jibu: Shusha kamera, msalimie, onyesha barua. Akisema ondoka, ondoka. Akitaka kuona picha, mwonyeshe; wengi wakishaona ni ndege tu, maongezi hubadilika.

Swali: Kaka, uwanja wa Arusha pale Kisongo hauna kitu kikubwa?
Jibu: Kikubwa kilishawahi kufika, kwa bahati mbaya. Desemba 2013 Boeing 767 ya Ethiopian, iliyokuwa inakwenda KIA, ilitua Arusha. KIA ina njia ya kilomita 3.6; ile ya Arusha haikufika hata 2, na ndege ikaishia kwenye nyasi. Baada ya siku chache iliruka ikiwa nyepesi. Kwa kawaida pale utapata Cessna Caravan na ndege nyingine ndogo za pangaboi (propela). Kwa hizo shusha shata hadi 1/200, vinginevyo pangaboi litaonekana limesimama angani.