Chuo cha jamii Marekani: jinsi ya kujiandaa na mtihani wa kupangiwa madarasa

Ukishaomba nafasi katika chuo cha jamii (community college) hapa Marekani, haichukui muda utapata barua pepe inayokutaka uende ofisi ya mitihani ukafanye placement. Wengi wetu tukiisoma tunamuuliza jirani, na jirani anatujibu kwamba huo mtihani hauna kufeli. Basi mtu anatoka zamu ya usiku, anapitia chuoni na macho mekundu, anabonyeza bonyeza majibu ili akalale.

Jirani hakudanganya. Chuo hakitakunyima nafasi kwa sababu ya alama hizo. Ila ndizo zinazoamua kama utaanza moja kwa moja na Kiingereza na hesabu za kiwango cha chuo, au utarudishwa kwenye madarasa ya msingi, ambayo mara nyingi unayalipia kama mengine lakini hayahesabiwi kwenye shahada. Na kwa anayesomeshwa na Pell Grant, yaani msaada wa masomo wa serikali kuu usiorudishwa, msaada huo una kikomo cha mihula 12 ya masomo ya kutwa katika maisha yako yote. Muhula uliopita ukijifunza upya kujumlisha sehemu umo ndani ya hiyo 12.

Kabla ya yote, uliza kama unatakiwa kuufanya

Hatua ya kwanza ni kukamilisha maombi ya chuo upate namba yako ya mwanafunzi, maana bila namba hiyo ofisi ya mitihani haitakuhudumia. Ya pili ni kumwona mshauri wa masomo na kumuuliza swali moja: kuna njia ya kupangiwa madarasa bila mtihani?

Mara nyingi ipo. California, baada ya sheria ya AB 705 ya mwaka 2017, vyuo vya jamii viliacha kutumia mitihani hii na sasa vinaangalia matokeo ya sekondari. Katika majimbo mengine vyuo vingi vinapokea alama za SAT au ACT (mitihani ya kuombea chuo), wastani wa alama za high school ya hapa, au GED (mtihani unaokupa cheti sawa na cha high school) yenye alama 165 na zaidi katika somo husika. Kufaulu GED ni 145, lakini 165 ndiyo inayosema uko tayari kwa chuo. Aliyekwisha kusoma chuo kingine akafaulu Kiingereza au hesabu naye aulize.

Matokeo ya nyumbani je, KCSE, kidato cha nne na cha sita, au Diplôme d'État ya Kongo? Hapo vyuo vinatofautiana. Kimoja kitatazama cheti chako hivyo hivyo, kingine kitataka kitathminiwe na kampuni iliyo mwanachama wa NACES, umoja wa kampuni zinazotathmini vyeti vya nje, na kama kimeandikwa Kifaransa kitafsiriwe kwanza. Tathmini inagharimu pesa na wiki kadhaa za kusubiri, kwa hiyo usikimbilie kulipa kabla chuo chako hakijakuambia kwa maandishi kwamba kinaihitaji na ni ya aina gani. Ukiwa mkimbizi ambaye vyeti vilibaki njiani, sema hivyo hivyo bila kuona haya. Ni kwa ajili ya watu kama wewe mtihani huu una faida.

Jua ni mtihani gani

Unaotumika sehemu nyingi ni ACCUPLACER, wa College Board. Una sehemu ya kusoma, sehemu ya kuandika, na hesabu za ngazi tatu: hesabu za kawaida, aljebra ya mwanzo pamoja na takwimu, na aljebra ya juu. Kila sehemu ina maswali 20, isipokuwa ya kuandika yenye 25, alama zinaanzia 200 hadi 300, na hakuna saa inayokukimbiza. Vyuo vingine vinaongeza insha. Kwa hesabu peke yake kuna vyuo vinavyotumia ALEKS, wenye maswali yasiyozidi 30.

Texas ina wake, TSIA2, ulioanza Januari 2021. Huko kuna kitu ambacho hakina msamaha: kabla ya kukaa kwenye mtihani lazima upitie mazoezi ya utangulizi yanayoitwa Pre-Assessment Activity. Unayafanya mtandaoni, na ukimaliza unapata uthibitisho. Watu wanafika na kitambulisho mkononi wanarudishwa nyumbani kwa sababu ya karatasi hiyo tu.

Halafu kuna suala la ESL, yaani Kiingereza kwa wenye lugha nyingine ya kwanza. ACCUPLACER ina toleo kwa wanaojifunza Kiingereza, lenye kusikiliza, kusoma, matumizi ya lugha na maana ya sentensi. Ukiambiwa ufanye hilo, usichukulie kama tusi. Lakini pia usikubali kwa sababu tu mtu wa mapokezi kasikia lafudhi yako. Kama umesoma sekondari kwa Kiingereza, Nairobi au Kampala, sema, na uombe mtihani wa kawaida. Kama umesoma kwa Kifaransa Bukavu na Kiingereza umekiokota kazini, ESL itakusaidia zaidi kuliko kusukumwa kwenye darasa la insha usilolielewa. Tena kanuni za msaada wa serikali kuu zina kikomo cha krediti 30 za madarasa ya msingi, na masomo ya ESL hayaingizwi katika hesabu hiyo.

Maandalizi yenyewe

Jipe wiki tatu au nne, saa moja kila siku. College Board wana tovuti ya mazoezi ya ACCUPLACER ya bure. Jaribu sehemu zote mara moja bila kujiandaa, ujue unapovuja, kisha soma kile kilichokushinda. Khan Academy nayo ni bure na ina hesabu zote zinazohitajika. Maktaba ya mtaa itakupa kompyuta na meza tulivu. Usinunue vitabu vya dola hamsini.

Anza na hesabu, kwa sababu ndizo zinazorudisha watu wengi nyuma na ndizo zinazopanda haraka ukizirudia. Mtu anayeendesha biashara na kupiga hesabu za hawala kichwani anaweza kuangushwa na ¾ + ⅖. Anajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini anapata 5/9, na jibu hilo linakuwepo kwenye machaguo, limewekwa pale kumsubiri. Tafuta asili ya pamoja: 15/20 na 8/20, jumla 23/20, yaani 1 na 3/20. Na ungeweza kulishtukia kosa bila kupiga hesabu, maana ¾ peke yake ni kubwa kuliko 5/9.

Asilimia nazo. Koti la dola 80 limepunguzwa kwa 25%, kisha kuna kodi ya mauzo ya 8%. Ukisema 25 toa 8 ni 17, basi punguzo ni 17%, utapata dola 66.40, na umekosea. Punguza kwanza, inabaki 60; kodi inatozwa kwenye hiyo 60, ni 4.80; unalipa 64.80. Maswali ya namna hii ni mengi, na yameandikwa kwa sentensi ndefu, kwa hiyo yanapima Kiingereza chako kama yanavyopima hesabu.

Kwa waliosoma Kongo, Burundi, au Rwanda ya zamani ya Kifaransa, kuna mtego mwingine ambao walimu wa hapa hawaujui kabisa. Kule 2,5 ni mbili na nusu. Hapa mbili na nusu ni 2.5, na koma ni ya kutenganisha maelfu: 1,250 ni elfu moja mia mbili hamsini, si moja na robo. Ukiwa umechoka, jicho linarudi kwenye mazoea. Fanya mazoezi mengi mpaka koma ya Kimarekani ikukae. Kariri na vipimo vyao pia: futi ni inchi 12, yadi ni futi 3, pauni ni aunsi 16.

Upande wa Kiingereza, sehemu ya kuandika ya ACCUPLACER haikuulizi majina ya sarufi. Inakupa rasimu fupi ya mtu mwingine, halafu inauliza sentensi hii iandikweje, ihamie wapi, kiunganishi gani kinafaa. Kinachosaidia ni kusoma makala za Kiingereza kila siku, hata za gazeti la mji wako, na kujiuliza kila aya inafanya kazi gani.

Insha ni ya maneno 300 hadi 600. Tulivyofundishwa shuleni, insha huanza kwa mbali, methali kwanza, kisha unakaribia hoja polepole. Kwa mtihani huu weka msimamo wako katika aya ya kwanza, toa sababu mbili au tatu, kila moja na mfano wake, maliza. Mifano ya maisha yako inatosha: soko la Kariakoo, kambi ya Nyarugusu, kiwanda cha nyama unakofanyia kazi. Bakiza dakika chache za kukagua vitenzi, hasa vya wakati uliopita, na ile s ya mwisho.

Kuweka miadi na siku yenyewe

Weka miadi kupitia tovuti ya ofisi ya mitihani au kwa simu. Uliza ada ni kiasi gani, vyuo vingine mara ya kwanza ni bure. Uliza pia kanuni ya kurudia, kabla hujaufanya. Kama una tatizo la macho, masikio au afya nyingine, ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu inaweza kukuombea maandishi makubwa au utaratibu maalumu, lakini wanataka taarifa mapema. Kuna vyuo vinavyoruhusu kufanyia nyumbani mbele ya kamera. Kwa nyumba yenye watoto watatu na wageni wasiopiga hodi, nenda chuoni.

Chagua siku ya mapumziko. Beba kitambulisho chenye picha na muda haujaisha, namba ya mwanafunzi, na kwa Texas ule uthibitisho. Simu na kikokotoo chako vitabaki nje. Karatasi ya kukokotolea utapewa, na pale swali linaporuhusu kikokotoo, chenyewe kitatokea kwenye kioo. Kula kwanza, maana sehemu zote zinaweza kuchukua saa tatu au nne. Ukichoka kabisa, unaweza kumwomba msimamizi wa ACCUPLACER ahifadhi ulipofikia umalizie siku nyingine.

Mtihani huu unabadilika kadiri unavyojibu. Ukipata, linalofuata linakuwa gumu zaidi, ukikosa, linalegea. Maswali yakizidi kuwa magumu si ishara kwamba umepotea, pengine unakwenda vizuri. Huwezi kuruka swali wala kurudi nyuma, hivyo yale ya mwanzo yajibu kwa utulivu, na usilolijua ondoa majibu yasiyowezekana kisha chagua.

Texas kuna mahali watu wanajiharibia. Hesabu zinaanza na maswali 20, na kiwango kinachotakiwa ni 950. Usipokifikia, kompyuta inakuingiza papo hapo kwenye sehemu ya pili yenye maswali 48. Mtu akiona hivyo anajua ameshafeli, anabonyeza chochote atoke. Kumbe sehemu hiyo ya pili bado inaweza kukuokoa: ukipata ngazi ya 6 kwenye hesabu unahesabiwa umevuka. Kwa Kiingereza ni alama 945 pamoja na 5 kwenye insha, au, ukiwa chini ya 945, ngazi ya 5 au 6 kwenye sehemu ya pili pamoja na hiyo hiyo 5 ya insha.

Baada ya alama

Alama kwa kawaida unazipata siku hiyo hiyo. Chukua nakala yako, kwa sababu kila chuo kinaweka mstari wake, na 250 iliyokwama mahali pamoja inaweza kupita kwingine. Kisha rudi kwa mshauri kabla hujajiandikisha. Ukiwa chini kidogo ya mstari, uliza kama kuna corequisite, yaani unachukua darasa la chuo lenyewe na kipindi cha msaada kando yake muhula huo huo, badala ya kukaa muhula mzima kwenye msingi. Texas sheria inavitaka vyuo kuwa na mpango huo, lakini mshauri mwenye foleni mlangoni si lazima akutajie usipouliza.

Ukiona kabisa alama hazikutendei haki, rudia sehemu moja tu iliyokuangusha, baada ya wiki mbili tatu za kusoma. Fanya hivyo mapema, angalau mwezi mmoja kabla ya muhula, kwa sababu madarasa ya jioni ndiyo yanayojaa kwanza.