Jinsi ya Kuwafundisha Wakulima na Wafugaji Kuandika Mpango wa Biashara

Anayekwenda kuwafundisha wakulima wa Kiryandongo au wafugaji wa Nakasongola, huku Uganda, kuandika mpango wa biashara na aiache fomu ofisini kwa siku mbili za mwanzo. Kila nilipoanza na fomu nilipata majibu yaleyale: mavuno makubwa, bei nzuri na faida nono, yote yakiwa yamekisiwa ili kumridhisha mwenye kutoa mkopo. Fomu humwuliza mtu habari za msimu ujao kabla hajaulizwa za msimu uliopita, ilhali uliopita ndio pekee anaoujua kwa hakika.

Kwa hiyo anza na msimu uliokwisha. Chora kwa majivu visanduku 12 chini ya mwembe, kila kimoja mwezi wake, kisha mpe kila mmoja punje za mahindi ziwe fedha zilizoingia na kokoto ziwe fedha zilizotoka, punje moja au kokoto moja ikihesabiwa kuwa shilingi 50,000. Njia hii inawafaa wasiojua kusoma, na inafaa pia katika vikundi ambavyo Mwacholi, Mnyoro na mkimbizi kutoka Sudani Kusini hukutana kwa Kiswahili lakini kila mmoja huhesabu moyoni kwa lugha ya kwao. Wapange wawili wawili kwa lugha, kisha wakumbushe matukio badala ya tarehe: siku ng'ombe walipoanza kulima, siku watoto walipofungua shule, msiba, arusi.

Katika kikundi kimoja mama alipanga kokoto zake za Mei, za palizi na ada ya muhula wa pili, kisha akachukua punje kumi alizokuwa ameziweka Agosti, akarudisha nne kwenye Mei na sita akazitia mfukoni. Nilidhani amekosea. Akaeleza kwamba mahindi yake yalinunuliwa na mchuuzi yakiwa bado mabichi shambani, kwa bei ya mwenye shida, na zile sita ndizo alizozikosa kwa kutosubiri mavuno. Sikuwa na la kuongeza. Tangu siku hiyo kalenda ya fedha ndiyo ninayoanza nayo, kwa kuwa tatizo kubwa la mkulima mdogo mara nyingi liko kwenye mwezi ambao fedha zinahitajika na hazipo, kuliko kwenye jumla ya fedha za mwaka mzima.

Kalenda ikishaeleweka, ingia kwenye gharama ya kilo moja. Chukua ekari moja ya mahindi kwa namba za kujifunzia, ambazo kikundi chenyewe kitazibadilisha kwa bei za kwao: kulima mara mbili shilingi 240,000, mbegu kilo 10 shilingi 100,000, palizi mbili 200,000, kuvuna na kupukuchua 110,000, magunia na usafiri 50,000. Jumla ni 700,000. Akivuna kilo 1,000, kila kilo imemgharimu shilingi 700, na akiiuza kwa 600 amempa mnunuzi shilingi 100,000 za bure pamoja na jasho lake. Akivuna kilo 1,400 kwa gharama ileile, kilo imemgharimu 500, na bei ya 600 sasa inamwachia 140,000. Wape muda wa kubishana hapa, hata saa nzima. Watasema palizi haina gharama kwa sababu wamepalilia wenyewe na watoto. Waulize jirani angelipwa kiasi gani kwa kazi hiyohiyo, nao wataipangia bei, ingawa wengine kwa kusitasita.

Soko lizungumzwe kwa mambo waliyoyaona. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka isiyokauka vizuri, na waliokuwa wamejaza maghala wakingoja malori ya Busia mpakani walijua hasara ni nini. Mpango unaosema tu kwamba mahindi yatauzwa Kenya haujasema kitu. Useme nani atanunua iwapo mpaka utafungwa, na utenge fedha za turubai la kuanikia, kwani kiwango cha unyevu kinachokubalika katika Afrika Mashariki hakizidi asilimia 13.5. Asiye na kipimo atie punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, atikise, kisha atazame: chumvi ikigandama kwenye chupa, mahindi bado mabichi.

Wafugaji wanahitaji njia tofauti, na mwalimu aliyezoea mazao hukosea hapa mara nyingi. Ukimwomba mfugaji idadi ya ng'ombe wake mbele ya watu umemwomba aonyeshe akiba yake hadharani, na kwa adabu atakupa namba isiyo ya kweli. Usiulize idadi. Mwombe atenge mwenyewe, akilini mwake, ng'ombe wa mahari, wa heshima na wa dharura, kisha aandike mpango wa wale waliobaki tu, ambao yuko tayari kuwauza au kuwakamua kwa biashara. Gharama za dawa ya kupe, chumvi na maji ya kiangazi ziandikwe kwa hao, na mpango ujibu swali moja zito: ugonjwa wa miguu na midomo ukizuka na minada ikafungwa kwa karantini ya miezi mitatu, ada italipwa na nini?

Mikopo isubiri hadi hapo. Mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi (PDM), uliozinduliwa Februari 2022, humpa mkulima mkopo wa shilingi milioni 1 kupitia SACCO, yaani chama cha akiba na mikopo, ya parishi yake, na wengi huamua kwanza kuuchukua ndipo wafikirie kazi yake. Rudisha mkopo wowote kwenye visanduku 12 na uweke kokoto za marejesho mwezi kwa mwezi. Mimba ya ng'ombe huchukua miezi tisa. Kwa hiyo anayenunua mtamba aliyepandishwa juzi kwa mkopo unaoanza kurejeshwa mwezi ujao atauza kitu kingine kuulipa, na ni afadhali ajue leo kitu hicho ni kipi. Siku ya somo hili mke na mume wakae pamoja, maana mara nyingi anayepalilia siye anayepokea fedha za mauzo, na mpango uliotiwa sahihi na mmoja tu huvunjwa na mwingine siku ya mavuno.

Sasa ndipo uitoe fomu, tena iwe ya ukurasa mmoja: nitazalisha nini na kiasi gani, kilo au lita itanigharimu kiasi gani, nani atanunua na nani ni wa akiba, mwezi gani nitapungukiwa na nitaziba kwa nini. Asiyeandika amwambie mtoto wake wa shule aandike, si wewe, kwa sababu ukiandika wewe utaanza kumsahihisha.

Chini ya namba hizo piga safu mbili, moja ya makisio na nyingine iachwe tupu. Rudi baada ya mavuno ukiwa na kalamu ya rangi nyingine, mkae naye, na safu tupu ijazwe kwa yaliyotokea kweli, kwa kuwa hapo ndipo makisio ya msimu unaofuata yatakapoanzia.