Jinsi ninavyowaandaa WAJA kwa mafuriko na kipindupindu: hatua kwa hatua, kutoka Dodoma

Wiki iliyopita nilikaa siku mbili na afisa afya mwenzangu aliyehamia Bahi. Amekabidhiwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii (WAJA) 18 awaandae kabla ya mvua, na alishatengeneza slaidi 90. Nilimsihi aziweke kando. Mhudumu wa kijijini anakutana na maafa akiwa na ndoo, khanga na kitochi chenye chaji nusu. Afundishwe kwa vitu hivyo hivyo.

Hatua ya 1: Muda na mahali

Kwetu mvua ni msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili. Fundisha Oktoba. Siku mbili, uwanja wa zahanati, si ukumbi wa mjini. Barua kwa Mganga Mkuu wa Wilaya na mtendaji wa kata unazijua.

Hatua ya 2: Ramani chini ya mti

Wachore kijiji chao ardhini: majivu yawe barabara, mawe yawe nyumba. Kisha uliza swali moja: korongo likijaa, nani anabaki ng'ambo? Korongo lililokuwa kavu asubuhi hubeba ng'ombe jioni kwa mvua iliyonyesha mbali, kijijini hata tone halijaanguka. Waweke alama kwa wajawazito wa miezi ya mwisho, wazee wasioweza kukimbia, visima, na vyoo vya shimo vilivyo kwenye mwinuko juu ya visima hivyo. Waalike wazee na waache waeleze kwa Kigogo. Wanakumbuka maji yaliwahi kufika wapi. Mwite pia mwenyekiti wa kijiji, kwa sababu Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inaweka kamati za maafa hadi ngazi hiyo.

Hatua ya 3: Kuchanganya klorini

Hapa nenda taratibu. Niliwahi kupoteza nusu siku, na kibaya zaidi, niliwaunguza watu mikono. Nilikuwa nimeandika ubaoni "vijiko viwili kwa ndoo". Kila mmoja alikuja na kijiko chake, wengine cha chai, wengine cha kupakulia. Ndoo zilikuwa za lita 10 na za lita 20. Klorini ya majimaji na ya unga zikachanganywa kwa kipimo kimoja. Mchana kina mama wawili wakalalamika ngozi inawasha, tukagundua ndoo ya kunawia ilikuwa na dawa ya kusafishia choo. Tangu siku hiyo sifundishi kwa vijiko kabisa.

Mnahitaji nguvu mbili tu: 0.5% kwa matapishi, sakafu na vyoo, 0.05% kwa mikono. Anza kwa kusoma lebo. Gawanya nguvu iliyo kwenye lebo kwa nguvu unayotaka, kisha toa moja: hizo ndizo sehemu za maji kwa sehemu moja ya dawa. Jik ya 3.5% ukitaka 0.5%: 3.5 kugawa kwa 0.5 ni 7, toa 1, unabaki na 6. Kikombe kimoja cha dawa, vikombe sita vya maji, kikombe kile kile. Kupata ya mikono, chukua sehemu moja ya hiyo 0.5% uongeze tisa za maji.

Klorini ya unga ya 70% ni gramu 70 kwa lita 10 kupata 0.5%, gramu 7 kwa lita 10 kupata 0.05%. Nunua mizani ndogo ya jikoni. Mimi siendi kijijini bila yangu, na sikubali hoja kwamba makadirio yanatosha.

Kuna mambo mengine yanayoharibu kazi hata kipimo kikiwa sahihi. Maji ya mafuriko yana tope, na tope linamaliza klorini: yaache yatuame, uyachuje kwa khanga safi kwanza. Matapishi ufute kwanza, ndipo umwage dawa na kuiacha dakika 10. Jua letu linaidhoofisha, kwa hiyo ndoo zikae kivulini, zifunikwe, na mchanganyiko uwe mpya kila siku. Usichanganye na dawa nyingine ya choo. Hutoa hewa ya sumu. Andika kwenye kila ndoo kwa rangi isiyofutika. Maji ya kunywa yana dawa yake na dumu lake, yasikaribie ndoo hizi.

Kila mshiriki achanganye mara tatu mbele yako. Asiyeweza, kaa naye jioni.

Hatua ya 4: Rangi za majeruhi

Chana vitambaa vya rangi nne, vya kuonyesha nani ahudumiwe kwanza. Anayetembea, kijani. Asiyepumua hata baada ya kufunguliwa njia ya hewa, nyeusi. Anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, au ukimbonyeza ukucha rangi hairudi ndani ya sekunde mbili, au hafuati maelekezo mepesi, nyekundu. Waliobaki, njano. Vijana wa kijiji waigize majeruhi, mmoja awe ndugu wa mhudumu. Tope la Hanang', jirani zetu, Desemba 2023, liliua watu zaidi ya 80. Siku kama hiyo mhudumu ataitwa kwa jina kutoka kila upande.

Hatua ya 5: Taarifa

Nani, wapi, lini, wangapi. Mtu mmoja anayeharisha kama maji ya mchele, dalili ya kipindupindu, anatosha kupiga simu siku hiyo hiyo, kituoni au 199. Wafundishe pia kuripoti wasichokijua jina. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu walianza kuwa na macho ya manjano na matumbo kujaa. Ilikuwa sumukuvu kwenye mahindi, na 20 walifariki.

Hatua ya 6: Rudi Januari

Usiwaambie siku. Mwombe mmoja akuchanganyie ya mikono, na uende na dawa yenye lebo tofauti na waliyoizoea.