Kabla hujawasha kinasa sauti Gulu

Wanafunzi wangu wa uzamili wakitaka kuandika kuhusu vita vya Joseph Kony na waasi wake wa LRA kaskazini mwa Uganda hunijia na nadharia mkononi. Mimi huwauliza: utazungumza na wenyeji kwa lugha gani?

Nimezaliwa Bombo, Kiswahili na Kinubi nimevikuta nyumbani. Siku ya kwanza Lukodi, kijiji karibu na Gulu, nilimsalimu bibi mmoja kwa Kiswahili. Akainuka, akaingia ndani, hakutoka tena. Kwetu Uganda Kiswahili kimevaa sare miaka mingi, ni lugha ya askari. Baraza la mawaziri lilikipitisha kuwa lugha rasmi 2022, sawa, ila bibi yule alikisikia kwanza kwenye vizuizi vya barabarani. Basi jifunze Kiacholi, lugha ya wenyeji, japo cha kusalimia na kuomba radhi. Kiswahili kiweke kwa maafisa wastaafu, hao kinawalegeza.

Vibali vina ngazi: kamati ya maadili ya utafiti, Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, RDC, yaani mwakilishi wa rais wilayani, halafu mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji. Tenga miezi. Huyo wa LC1 usimruke kamwe, hata barua yako ingekuwa na mihuri kumi.

Mkalimani ndiye kazi yenyewe. Kabla ya kukubaliana malipo, kaeni wawili, umuulize vita vilimkuta wapi, na akikataa kujibu usimbane. Mimi sikuuliza. Siku ya tatu mzee tuliyekuwa tukimhoji alimkazia macho kijana wangu, akamtaja kwa jina la msituni. Kumbe kijana alitekwa na waasi akiwa mtoto, na waliwahi kupita naye katika boma lile. Nilizima kinasa. Mahojiano yale sijayatumia hata leo.

Tangu hapo dodoso langu halina kisanduku cha “mwathirika” wala cha “mhalifu”. Dominic Ongwen, kamanda wa LRA, mwenyewe alitekwa mtoto. Februari 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) ikamtia hatiani kwa makosa 61, yakiwemo ya shambulio la Lukodi, na Mei ikampa miaka 25. Utamtia kisanduku gani? Anza na shamba: nani analima wapi, mpaka uko wapi. Vita vitajitokeza vyenyewe humo.

Majina usiyaandike daftarini, tumia namba, na orodha ya namba iache Kampala.

Ukimaliza rasimu, rudi uisome kwa Kiacholi mbele ya uliowahoji, kalamu mkononi. Mimi walinifutia ukurasa mzima wa tarehe.