Kustaafu pwani ya Thailand: udongo kwanza, nyumba baadaye

Thailand inamruhusu mgeni kumiliki nyumba, lakini haimruhusu kumiliki kiwanja ilipojengwa. Ndivyo inavyosema Sheria ya Ardhi ya mwaka 1954, na ujanja wa dalali hauibadilishi. Anayetaka kuhamia kijijini pwani na kujenga nyumba mpya ana mambo mawili ya kuyamaliza kabla ya kuchagua rangi ya vigae: karatasi za udongo, na udongo wenyewe. Hasara kubwa nyingi huanzia hapo.

Pwani ipi?

Upande wa Bahari ya Andaman, magharibi, yaani Ranong, Phang Nga, Krabi, Trang na Satun, mvua kubwa hunyesha Mei hadi Oktoba. Upande wa Ghuba ya Thailand, mashariki, kutoka Chumphon kushuka Surat Thani hadi Nakhon Si Thammarat, mvua za kuogopa ni za Oktoba hadi Desemba. Dalali atapenda kukupeleka Februari, wakati kila kiwanja kimekauka na kinapendeza. Rudi mwenyewe mvua ikiwa imekolea. Angalia alama za matope kwenye kuta za majirani, uliza maji yalifika wapi na yalikaa siku ngapi.

Andaman ndiko tsunami ya 26 Desemba 2004 ilikopiga, Phang Nga ikiumia kuliko kwingine. Mawimbi hayohayo yalifika hadi Somalia, Kenya na Tanzania. Si lazima uukimbie upande huo, ila itembee kwa miguu njia ya kupandia mlimani na ujue inachukua dakika ngapi. Satun wakazi wengi ni Waislamu, na vijiji vingi vya wavuvi Krabi, Phang Nga na Trang vina misikiti, kwa hiyo chakula halali si tabu. Pattani, Yala na Narathiwat zina uasi wa silaha uliopamba moto tangu 2004. Pazuri kwa macho, lakini usijenge uzee wako huko.

Karatasi za ardhi

Kwanza vipimo, maana wenyeji hawataji ekari. Rai 1 ni mita za mraba 1,600, ngan 1 ni 400, na wa 1 ya mraba ni 4. Ekari moja ni kama rai mbili na nusu.

Hati nzuri kuliko zote ni chanote (Nor Sor 4 Jor), yenye muhuri mwekundu wa garuda, ndege wa nembo ya taifa: mipaka imepimwa barabara na mawe yenye namba yamepandwa kwenye kona. Yatafute mawe hayo kwa mikono yako. Nor Sor 3 Gor, garuda wa kijani, inakubalika. Nor Sor 3, garuda mweusi, mipaka yake ina utata, na kuihamisha kunahitaji tangazo la siku 30. Sor Por Kor 4-01 ni ardhi iliyogawiwa wakulima, haiuzwi. Kiwanja cha ufukweni chenye bei ya kushangaza mara nyingi ni cha aina hii, au kimeingia kwenye hifadhi ya msitu.

Nenda na mwenye ardhi hadi Ofisi ya Ardhi, hati yake ilinganishwe na nakala ya serikali, kisha usome upande wa nyuma: rehani, upangaji na haki nyingine zote huandikwa pale. Uliza pia barabara ya kuingilia ni ya nani. Kama ni hisani ya jirani, itaisha siku jirani atakapouza.

Haki yako juu ya kiwanja inaweza kuwa ya namna tatu. Ya kwanza ni upangaji wa hadi miaka 30. Ukizidi miaka 3 lazima usajiliwe, la sivyo unatambulika kwa miaka 3 tu. Usajili ni asilimia 1 ya kodi yote ya pango kwa muda wa mkataba, pamoja na asilimia 0.1 ya stempu. Ahadi ya "miaka 30 mingine" inayopambwa kwenye matangazo haisajiliwi, na mmiliki mpya halazimiki kuitimiza. Tena upangaji huisha mpangaji akifariki. Ya pili ni haki ya kumiliki jengo juu ya ardhi ya mtu mwingine, inayoitwa superficies. Hii hurithiwa isipokuwa mkataba umesema vinginevyo. Ya tatu, usufruct, ni haki ya kutumia ardhi maisha yako yote, nayo hufa pamoja nawe. Kwa mtu anayejenga nyumba mpya, sajili upangaji na superficies kwa pamoja. Kampuni yenye wanahisa Wathai wa jina tu ni kinyume cha sheria, hata kama wakili anaiuza kwa tabasamu.

Aliyeoana na Mthai ajihadhari na jambo moja. Ardhi itaandikwa kwa jina la mwenza, na nyote mtatia saini kwamba fedha ni za mwenza huyo. Mkataba wowote mtakaofanya mkiwa kwenye ndoa, mmoja wenu anaweza kuubatilisha wakati wowote wa ndoa, au ndani ya mwaka mmoja baada ya ndoa kuvunjika.

Kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri ya kata, Or Bor Tor. Hakikisha kimeandikwa jina lako, kisha kitunze pamoja na mkataba wa mkandarasi na risiti zote, kwa kuwa huo ndio ushahidi kwamba nyumba ni yako. Kitabu cha buluu cha nyumba, tabien baan, kinaonyesha anwani na wakazi tu, hakithibitishi umiliki.

Udongo wenyewe

Viwanja vya pwani vingi viko chini, hivyo hujazwa kifusi. Mwaga kifusi kwa tabaka za sentimita 30, kila tabaka ishindiliwe, kisha kiache kipigwe na masika yote ya mwaka mmoja. Haraka hapa ina adhabu yake: nyumba iliyosimama juu ya nguzo zilizopigiliwa chini haishuki, lakini uwanja unaoizunguka unashuka. Baraza hupasuka mahali lilipoungana na ukuta, ngazi huinama, na bomba la maji taka hukatika pale linapotoka chini ya nyumba. Kwa hiyo baraza na banda la gari vipewe nguzo zao au vitenganishwe kabisa na nyumba kwa kiungo, na bomba lipitie kiunganishi kinachopinda.

Tangi la maji taka la faiba lina tabia ya kuelea maji ya ardhini yanapopanda. Likalishe juu ya bamba la zege, lifunge kwa mikanda, na ulijaze maji safi wakati udongo unarudishwa. Kisima kikae mbali nalo, angalau mita 30.

Chumvi

Adui wa nyumba ya pwani ni chumvi, na hapa mtu wa Lamu au Bagamoyo hahitaji kufundishwa sana. Chumvi hupenya zege hadi kwenye nondo; nondo ikishika kutu huvimba na kuipasua zege kutoka ndani. Nondo ifunikwe na zege sentimita 5 kwenye kuta za nje na nguzo, kwa kutumia vikalio vya zege badala ya vipande vya mawe. Mchanga uwe wa mtoni, maji yawe baridi yasiyo na chumvi, na zege imwagiliwe siku 7.

Kwenye maduka ya vifaa kuna nondo kamili, lek tem, na nondo nyepesi, lek bao, ambayo ni nyembamba kuliko inavyotajwa. Andika lek tem kwenye mkataba, pamoja na alama ya kiwango ya TIS, na upime kipenyo kwa kalipa siku mzigo unaposhushwa. Usingoje zimwagiwe zege.

Kenchi za Thailand kwa kawaida ni za chuma kilichochomelewa, na kutu huanza kwenye maungio. Kila ungio lisuguliwe na kupakwa rangi ya zinki kabla vigae havijapanda. Baada ya hapo hakuna atakayefika. Skrubu, bawaba na vitasa vya nje viwe stenlesi ya daraja la 316, si 304. Kizio cha nje cha kiyoyozi kiwekwe upande wa bara, kioshwe maji baridi kila mwezi. Mabomba ya dawa ya mchwa hutandazwa chini ya sakafu kabla ya kumwaga zege. Ukisahau, itabidi utoboe vigae.

Maji na umeme

Maji ya bomba la kijiji hukatika. Watu wawili wakitumia lita 200 kila mmoja kwa siku, tangi la lita 2,000 linawatosha siku 5. Pampu ikae baada ya tangi. Usiifunge moja kwa moja kwenye bomba la kijiji, kwani itavuta matope na kuwanyima majirani. Kisima karibu na bahari ukikivuta sana hugeuka chumvi.

Umeme wa vijijini ni wa PEA, shirika la umeme la mikoani, hezi 50, kwa hiyo vifaa vya Afrika Mashariki vinafanya kazi ila plagi zenye pini tatu za mraba haziingii. Mita ya ampia 15(45) inatosha nyumba ndogo. Ukiwa na viyoyozi vitatu na hita za kuogea, omba 30(100). Nguzo za kukufikishia waya utazilipia wewe, hivyo pima umbali kabla ya kununua. Umeme wa muda wa ujenzi ni ghali. Ukipata namba ya nyumba, badilisha mara moja. Dai fimbo ya ethi ya mita 2.4 na breka ya miliampia 30 inayokata umeme ukivuja. Hita ya bafuni isiyo na ethi inaua.

Viza na fedha

Umri ni kuanzia miaka 50. Njia ya kawaida ni viza ya Non-O, kisha nyongeza ya mwaka mmojammoja kwa baht 1,900. Weka baht 800,000 kwenye benki ya Thailand miezi 2 kabla ya kuomba nyongeza, ziache miezi 3 baada ya kupewa, na baada ya hapo zisishuke chini ya 400,000. Mbadala ni kipato cha baht 65,000 kwa mwezi. Viza ya O-A, nayo ya wastaafu, inadai pia bima ya afya.

Kila siku 90 toa taarifa kwa fomu TM.47, kuchelewa ni faini. Mwenye nyumba huripoti ujio wako kwa TM.30 ndani ya saa 24. Ukitoka nchini bila kibali cha kurudi (baht 1,000 mara moja, 3,800 mara nyingi), nyongeza yako imekufa. Anayetokea Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo abebe cheti cha homa ya manjano, kilichotolewa angalau siku 10 kabla.

Ukikaa siku 180 kwa mwaka wa kalenda, wewe ni mkazi wa kodi, na tangu 1 Januari 2024 kipato cha nje unachokiingiza nchini huhesabiwa. Tenga kwenye rekodi akiba ya kabla ya 2024, kwa kuwa hiyo haihesabiwi.

Malipo na makabidhiano

Malipo ya kwanza yasizidi asilimia 15. Yanayofuata yaendane na kazi iliyokamilika: msingi, fremu, paa, kuta, umaliziaji. Shikilia asilimia 5 hadi 10 mpaka mvua kubwa za kwanza zipite. Mvua hizo zikija, zunguka nyumba na tochi: dari chini ya mabonde ya paa, pembe za chini za madirisha, ungio la baraza na ukuta, mfuniko wa chemba. Piga picha zenye tarehe. Sheria inambana mkandarasi kwa kasoro za jengo zinazojitokeza ndani ya miaka 5, isipokuwa jengo la mbao, ambalo ni mwaka 1. Lakini ukishaiona kasoro una mwaka mmoja tu wa kufungua kesi. Barua yako iwe ya Kithai, na uipeleke kwa rejista ya posta.