Kabla hujavuka bara kwenda shamba: kupe, papasi na mbuzi wa Idi

Shule zikifunga tu utaona jeti ya maboti ya Lamu imejaa mabegi, watu wanavuka Mokowe kwenda mashambani, Hindi, Witu, Mpeketoni, wengine wanaenda kuangalia mikorosho yao na wengine wanafata mbuzi wa Idi. Mimi pia naenda na sitaki mtu aache kwenda. Lakini kuna jambo tunasahau kuliandaa, tunabeba neti na dawa ya mbu manake malaria tunaijua, kupe hatumfikirii kabisa, tunamuona ni shida ya ng'ombe.

Mdogo wangu alirudi kutoka Witu mwaka juzi, siku ya sita hivi akaanza homa, kichwa kinamuuma mpaka hataki taa iwashwe. Tukampeleka kliniki moja, kipimo cha malaria kikatoka hakuna kitu, akapewa dawa za malaria hivohivo na amoksilini juu yake. Siku tatu, homa iko palepale. Mama ndo aliyegundua, alikuwa anamfuta jasho akaona nyuma ya goti kidonda kidogo kama punje ya dengu, katikati cheusi tii kama pamezimiwa sigara, pembeni pekundu, na hakimuumi wala hakimwashi ndo maana mwenyewe hakuwa na habari nacho. Kingine kama hicho kilikuwa kiunoni pale anapofungia kikoi, na kinenani mitoki imevimba. Tukaenda kwa daktari mwengine, alipokiona kile kidonda hakuuliza mengi, aliuliza tu, "Wiki iliyopita ulikuwa wapi, na kulikuwa na mifugo?"

Ile ni homa ya kupe, na bakteria wake ni aina ya rikesia iliyopewa jina rasmi 1996, Rickettsia africae. Anabebwa na wale kupe wakubwa wenye rangi, miguu ina mapete meupe, dume lina mchoro wa rangi ya chungwa mgongoni, wachungaji wote wanawajua. Wananyonya ng'ombe na mbuzi lakini wananyonya nyati na paa wa msituni pia, kwa hivo hata ukiogesha ng'ombe wako wote dawa, kupe wa porini wako palepale. Na kuna jambo moja lilinishtua nilipolijua, jike mwenye bakteria anawarithisha mayai yake, yaani kupe mchanga wa miguu sita, mdogo kuliko mbegu ya ufuta, anaweza kuwa nao hata hajawahi kunyonya mnyama yeyote. Hao wachanga wanakaa makundi kwenye nyasi, ukipita umeondoka nao kumi au ishirini na hujaona hata mmoja. Ndo maana mtu anaweza kutoka vidonda viwili vitatu, na ndo maana watu walioenda safari moja mara nyingi wanaugua pamoja.

Kwa hivo kabla ya kufunga begi, anza na nguo. Suruali ndefu ya rangi nyepesi ili kupe aonekane akipanda, uichomeke ndani ya soksi, usione haya. Kina mama, dera na buibui vinafagia nyasi njia nzima na kupe anapanda kwa ndani, vaa suruali au taiti chini yake nayo uichomeke vilevile. Kuna dawa ya permethrini ya kunyunyiza nguo, hiyo ni ya nguo na viatu tu, haipakwi ngozini, na nguo zikauke kabisa kabla ya kuvaa. Na hapa nawaomba sana watu wa Amu, yaani Lamu mjini, permethrini ikiwa bado mbichi inaua paka, usinyunyize nguo ukazianika barazani ambapo paka wote wa mtaa wanalala.

Tia begini kile kibanio kidogo cha kung'olea nyusi. Jioni mkirudi mkaoge na mkaguane, nyuma ya masikio, ndani ya nywele, makwapani, kitovuni, kinenani, nyuma ya magoti, watoto waanze kichwani. Ukimkuta kupe amenasa mshike na kibanio karibu kabisa na ngozi, umvute wima polepole bila kumzungusha, alafu osha kwa sabuni. Mambo ya kumpaka mafuta ya taa, kumchoma na kijinga au kumsugua na chumvi hayo waachie wenyewe walioyaanzisha, unapoteza muda huku bado amenasa na unaweza kumfanya akumwagie mate yake ndani. Usimpasue kwa kucha pia. Mtie kwenye kichupa chenye spiriti uende naye, daktari akimuona itamsaidia.

Sasa papasi. Huyu naomba mumsome vizuri manake wengi wanadhani ni kupe yuleyule kwa jina lengine, na siyo. Kupe unamkuta amenasa, papasi humkuti. Ni wa kijivu, ngozi imekunjamana kama ngozi kavu, mchana anakaa kwenye nyufa za ukuta wa udongo na kwenye vumbi la sakafu, usiku mkilala anatoka, ananyonya kama nusu saa na kurudi zake ufani kabla hamjaamka. Ukiulizwa kama uliumwa na kupe utasema hapana, na utakuwa mkweli. Anaacha bakteria wengine kabisa, borelia, na homa yake ina tabia ya kudanganya, inapanda vibaya siku chache, inashuka, mnamshukuru Mungu mgonjwa amepona, baada ya wiki hivi inarudi upya. Kuna nyumba mtu anasema "malaria yangu hairuki mwezi" na miaka yote analala kwenye mkeka chini, ukutani kuna ufa unaingia kidole. Si jambo jipya huku kwetu, daktari Mjerumani Robert Koch alipokuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani 1905 aliwachunguza papasi hawa akaona nao wanarithisha ugonjwa kwa mayai, na mwaka huohuo daktari Dutton alifia Kongo kwa homa hiyohiyo aliyokuwa anaichunguza.

Papasi anaweza kukaa miaka bila kula. Kwa hivo ile nyumba ya shamba iliyofungwa tangu marehemu babu alipofariki, usiseme haina kitu kwa kuwa haina watu. Mpigie simu mlinzi wa shamba wiki mbili kabla, akandike nyufa zote upya, sakafu isakafiwe kama mfuko unaruhusu, pigeni dawa ya wadudu kwenye kuta mkiwa hamjafika. Mkifika lala kitandani, kitanda kisiguse ukuta, neti ichomekwe chini ya godoro pande zote. Watoto msiwalaze chini hata kama wamekuja wengi. Na wakitembea porini wasichokore mashimo ya ngiri, mule wanaishi jamaa za papasi, ukiachilia mbali ngiri mwenyewe.

Panya nao ni wa kuangalia, mkojo wake unaweza kuwa na leptospira, bakteria anayeingia kwa maji na kwa ngozi yenye mikwaruzo, ile homa ya mgunda iliyopiga Lindi 2022 ikaua watu watatu ni ya huyo. Funika mapipa ya maji na usitembee peku kwenye maji yaliyotuama.

Turudi kwa mbuzi, manake huyu anavuka na kupe wake mpaka uani kwako. Unamnunua bara, anapandishwa mashua, anafungwa kwenye kiwanja cha ndani wiki mbili akingoja Idi na watoto wanamlalia shingoni. Kabla hujalipa mkague, ndani ya masikio, chini ya mkia, makwapani, kwenye kiwele na katikati ya kwato, hapo kwenye kwato wengi hawaangalii na kupe wenye rangi wanapapenda sana. Muulize muuzaji ameogeshwa dawa lini na dawa gani, na wewe ukimuogesha soma karatasi ya dawa kuna siku za kungoja kabla nyama haijaliwa, usimpige dawa leo ukamchinja kesho. Jike mwenye mimba usilete nyumbani, akizaa au akiharibu mimba kile kizalio na yale maji yake vinaweza kuwa na koksiela, bakteria anayepanda na vumbi ukamvuta kwa pua, na ndani ya kupe pia anapatikana. Kikitokea basi vaa glavu, funga pua, kifukie chini sana au kichome, mbwa na paka wasikifikie. Maziwa chemsha hata kama bibi anasema mabichi ndo yenye nguvu.

Dawa ya kumeza kabla ya safari usinunue, na chanjo ya kuchanjwa hospitali ya kawaida kwa homa hizi haipo. Unachobeba ni kumbukumbu. Andika kwenye simu, mimi naandika hivi: "Jumamosi, Witu, kupe wawili, goti na kiuno, tulilala nyumba ya udongo." Ukipata homa ndani ya wiki tatu baada ya kurudi, pima malaria kwanza, malaria ipo na inaua, lakini kipimo kikisema hakuna usikubali kurudi nyumbani na dawa za malaria, soma ile simu mbele ya daktari na vua nguo akague kidonda cheusi. Homa ikiwa ni ya kupanda na kushuka, waombe maabara waangalie tone la damu kwa darubini wakati homa iko juu, borelia anaonekana pale kama uzi uliosokotwa, ila kile kipimo cha haraka cha malaria hakiwezi kumuonyesha. Rikesia kwa darubini hivo haonekani, huyo daktari anaanza kumtibu kwa dalili.

Amoksilini haimfanyi kitu rikesia. Dawa yake ni doksisaiklini, ya bei nafuu na inapatikana, daktari ndo aandike kiasi. Mdogo wangu aliimeza jioni, asubuhi ya pili ameketi anaulizia mahamri na mbaazi. Kwa homa ya papasi hiyo dozi ya kwanza mnywe mkiwa hospitali, manake bakteria wakianza kufa mgonjwa anaweza kutetemeka na homa kupanda ghafla kwa saa chache, kama mko shamba mbali mtahangaika.

Na kama kuna mja mzito mnasafiri naye au anabaki nyumbani na yule mbuzi, mwambieni daktari hilo kabla ya yote. Borelia na koksiela zote mbili zinaweza kuharibu mimba, na dawa atakayopewa yeye huenda isiwe hiyo mnayopewa nyinyi.