Kabla ya kupanda ndege: mambo ya kuzingatia kwa msafiri nonbainari

Maandalizi ya safari ya nje kwa mtu asiyejitambua kuwa mwanamume wala mwanamke huanzia kwenye herufi moja ya paspoti, ile ya jinsia: M ya mwanamume, F ya mwanamke, au X isiyotaja mojawapo ya hizo mbili. Herufi hiyo itasomwa na wakala wa tiketi, shirika la ndege, ubalozi unaotoa viza, ofisa uhamiaji na mhudumu wa hoteli, na kila mmoja ataiingiza kwenye kompyuta yake. Huenda umeshajikubali kwa miaka mingi, na wa nyumbani wameshazoea jina ulilojichagulia. Siku ya safari kinachotazamwa ni kama karatasi zako zinakubaliana. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni mchungu: kwenye tiketi, viza, bima na hoteli, jaza kilichomo kwenye paspoti, neno kwa neno. Jina lako la moyoni litumie na wenyeji wako ukishafika salama.

Angalia pia lile neno dogo linalotangulia jina, Bw. au Bi. Mawakala wengi hubahatisha kwa kusikia jina au kutazama sura, kisha kaunta ya uwanja wa ndege ikaanza kuuliza maswali mbele ya foleni nzima. Omba uoneshwe tiketi kabla hujalipa. Yapo mashirika ya ndege yaliyoongeza X kwenye fomu zao. Kama paspoti yako ni F au M, usiichague X hiyo hata kama ndiyo inayokufaa, kwa sababu taarifa za abiria hutumwa mapema kwa nchi unakokwenda na zinapaswa kulingana na paspoti.

Kanuni za ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia usafiri wa anga, zinaruhusu paspoti kuwa na M, F au X. Australia, New Zealand, Ujerumani, Canada tangu 2019 na Argentina tangu 2021 hutoa X kwa raia wao, kila nchi kwa masharti yake. Uingereza haitoi, na Mahakama yake ya Juu ililikataa dai la mtu aliyetaka paspoti ya X Desemba 2021. Marekani ilifungua mlango Aprili 2022 kwa raia yeyote aliyetaka X, kisha amri ya rais ya tarehe 20 Januari 2025 ikaufunga, na tarehe 6 Novemba 2025 Mahakama ya Juu ikaruhusu sera hiyo mpya itumike wakati kesi ikiendelea. Nawaambia ndugu zetu walioko Marekani wenye paspoti ya X ambayo muda wake haujaisha: msiipeleke kubadilishwa au kuongezwa muda kabla ya kuzungumza na mwanasheria, maana itakayorudi itakuwa na jinsia mliyoandikiwa mlipozaliwa.

Mwenye X anayekuja kuwaona wazazi Mombasa au Dar es Salaam ajaribu kujaza fomu ya mtandaoni ya viza au kibali cha kuingia kabla ya kununua tiketi. Ikiwa fomu ina nafasi mbili tu, auandikie ubalozi, kisha abebe jibu lililochapwa kwenye karatasi. Kenya inaruhusu uraia wa nchi mbili, kwa hiyo Mkenya anaweza kuwa na paspoti mbili zenye herufi tofauti. Hapo uamuzi ni mmoja: paspoti uliyoingia nayo ndiyo utakayotoka nayo, na tiketi ifuate hiyohiyo.

Sasa niseme la nchi ya katikati, ambalo watu hulisahau kuliko yote. Mtu anakwenda Berlin au Toronto, anasoma sheria za huko, moyo unatulia. Lakini ndege yake inapitia Dubai, Doha au Addis Ababa, na hajauliza lolote kuhusu huko. Ukibaki ndani ya eneo la abiria wanaounganisha ndege, kwa kawaida hutapita uhamiaji. Shida huanza ndege ya pili inapochelewa hadi asubuhi. Shirika linakupa hoteli, basi linakusubiri nje, na ghafla umeingia nchi ambayo hukuipanga, na nguo zako zote zipo kwenye sanduku ambalo hulioni.

Sheria ya adhabu ya Umoja wa Falme za Kiarabu inamwadhibu mwanamume anayejifanya mwanamke kwa mavazi na kuingia mahali pa wanawake. Mwaka 2017 Wasingapore wawili walikamatwa ndani ya jengo la maduka Abu Dhabi kwa sababu ya mavazi yao, wakahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja, na baada ya wiki kadhaa wakarudishwa kwao. Sheria ya Oman ya 2018 inalitaja waziwazi kosa la mwanamume kuonekana na mavazi ya kike. Kuwait nayo ilikuwa na kifungu kama hicho mpaka Mahakama ya Katiba ilipokifuta Februari 2022. Kama una uwezo wa kuchagua, tafuta safari ya moja kwa moja au inayounganisha Ulaya, hata kwa kuongeza pesa kidogo. Kama huna, weka kwenye begi la mkononi seti moja ya nguo zisizovuta macho, zinazolingana na herufi ya paspoti. Kuzivaa kwa usiku mmoja hakukupunguzii chochote.

Wanaokwenda Umra wana jambo lao la ziada, kwa sababu ihramu ya wanaume na mavazi ya wanawake ni tofauti, na sehemu za kuswalia hutenganishwa. Amueni nyumbani, kwa utulivu, na ninyi wenyewe. Mlangoni si mahali pa kuamulia.

Kwenye ukaguzi wa mwili, fahamu kwamba mashine haijui wewe ni nani. Inatafuta kitu kilichojitokeza mahali isipopategemea. Fulana ya kubana kifua, pedi za kuongeza umbo, hata mkunjo mnene wa nguo huweza kuwasha alama ya njano kwenye skrini, na hapo ofisa atataka kukupapasa kwa mkono. Kwenye viwanja vingi mwanamke hukaguliwa na mwanamke na mwanamume na mwanamume, na kwenye nchi za Ghuba wanawake huingizwa kwenye kibanda chenye pazia. Ofisa akisita kukupeleka upande gani, usimwache aamue kwa kukukazia macho. Tangulia kusema, kwa sauti ya kawaida: “Naomba nikaguliwe faraghani, na ofisa wa kike,” au wa kiume, kwa namna utakavyokuwa salama zaidi. Ukiwa na mwenzako, omba awepo. Sentensi hiyo ifanyie mazoezi nyumbani kwa Kiswahili na Kiingereza, kwa sababu ulimi hukauka pale. Fulana ya kubana usiivae safari nzima: saa nyingi kwenye kiti huleta maumivu ya mbavu na pumzi fupi. Ivae ukikaribia kutua, au vaa iliyolegea. Chooni, tafuta cha familia au cha walemavu ambacho ni chumba kimoja chenye mlango wake.

Dawa za homoni zibaki kwenye boksi lake la duka la dawa, lenye lebo ya jina lililo kwenye paspoti, pamoja na barua ya daktari inayotaja jina la kitaalamu la dawa, kipimo na sindano. Barua haina haja ya kueleza habari za jinsia. “Matibabu ya homoni” inatosha. Testosteroni inadhibitiwa kisheria Marekani na kwingineko, na Falme za Kiarabu hutaka kibali cha mapema kwa dawa zinazodhibitiwa. Yote haya yawe kwenye begi la mkononi.

Simu isafishwe wiki moja kabla. Ukifuta vitu ukiwa kwenye foleni ya uhamiaji, utaonekana. Hamishia picha na mazungumzo mahali pengine, ondoa programu za kutafutia wapenzi, toka kwenye magrupu ambayo majina ya wenzako yanaonekana (usalama wao nao umo mfukoni mwako), na zima kufungua kwa uso na kidole. Hili ni la lazima zaidi unaporudi nyumbani. Kifungu cha 154 cha sheria ya adhabu ya Tanzania kinafika kifungo cha maisha, cha 162 cha Kenya miaka 14, na Uganda sheria ya 2023 dhidi ya mapenzi ya jinsia moja iliachwa isimame kwa sehemu kubwa na Mahakama ya Katiba Aprili 2024. Sheria hizo zinahusu hasa vitendo vya kimapenzi vya watu wa jinsia moja, hazisemi habari ya mtu kujitambua. Lakini polisi wa kizuizi cha barabarani hatakaa kuyatenganisha mambo hayo mawili, na simu ndiyo anayoishika kwanza.

Ukikamatwa ugenini, Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu huduma za kibalozi unakupa haki ya kuomba ubalozi wako ujulishwe. Kwa kawaida hatua hiyo husubiri uombe mwenyewe, kwa hiyo fikiria mapema kama ubalozi wako utakusaidia au utapeleka habari kwa watu usiotaka wazijue. Wapo ambao wakili ndiye simu ya kwanza. Namba yake iandike kwenye karatasi, maana simu inaweza kuchukuliwa.

Na mtu mmoja nyumbani, anayekujua ulivyo, aachiwe nakala ya paspoti, tiketi na barua ya daktari. Kubalianeni ujumbe wa kawaida wa kumaanisha umefika salama, na mwingine, wa kawaida vilevile, wa kumaanisha umekwama. Mwambie pia asubiri saa ngapi kabla ya kumpigia wakili, na nani katika familia asiambiwe.